Nilinyoosha Mkono

Mlandege, Unguja
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Ustadha wangu Amne,

Shikamoo.

Barua hii nimempa kaka yako Ubwa pale Darajani, alipokuwa anashusha pweza wake, kwa hiyo ikiwa inanuka si mimi. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu siiwezi. Nikikupigia utasikia nnavyopumua tu. Nikikuandikia ujumbe nitaandika na kufuta, niandike tena nifute, mpaka chaji iishe. Karatasi haifutiki. Nikishaandika, nshaandika.

Jana Bashira kanambia kwamba umemwambia Mwalimu Mansour akutoe kwenye timu ya mpira wa kikapu, na kwamba umeshakwenda kwenu Makunduchi kwenye mazoezi ya kufundisha. Hukuniaga. Hukumuaga mtu. Bashira anasema nahodha akiondoka hivyo ndiyo timu imekwisha, na mwenzetu mmoja ameshaanza kuulizia kama anaweza kuhamia kwenye netiboli.

Najua tumefungwa vibaya. Hamsini na nane kwa ishirini na moja, mchezo wa kwanza wa ligi ya vyuo, mbele ya chuo kizima. Na sisi tulivyokuwa tumejiona. Mwezi mzima tunazifunga timu za skuli za sekondari, Bashira keshachagua na kitambaa cha kushonesha nguo ya safari ya Dar es Salaam ya mabingwa. Halafu wale wa jezi za kijani wakaja wakatufanya kama watoto wa chekechea. Mwalimu Mansour akasimama pale akasema, "Alhamdulillahi, tumefungwa mapema." Bashira akamjibu huku analia, "Mwalimu, kuna kufungwa kuzuri?" Mwalimu akaanza kukusanya mipira.

Lakini hilo silo ninaloliandikia.

Robo ya tatu, ulikuwa na mpira, na wa kijani wawili wamekusimamia mbele. Mie nilikuwa chini ya ringi peke yangu. Peke yangu kabisa, Ustadha, ningeweza kumenya chungwa nikalimaliza. Nikafungua mdomo nikuite. Nikakosa cha kuita. "Ustadha" si neno la kupigia ukelele. Wewe huitwa kwa kusogelewa. Na "Amne" kavu ulimi wangu uliikataa. Wewe ndiye ulonisomesha Juzuu Amma. Basi nikanyoosha mkono, kama niko darasani nasubiri ruhusa. Ukanitazama usoni. Kisha ukapiga mwenyewe, na mpira ukatoka nje.

Waliokaa pembeni wakasema nahodha mroho, hatoi mpira. Niliwasikia. Nilikuwa najua kwamba si hivyo, kosa lilikuwa kwangu nusu yake, na nikanyamaza tena. Mara mbili katika mchezo mmoja.

Rudi, Ustadha. Wale wa kijani tunakutana nao tena mwisho wa mwezi. Nimeamua nitaandika mpaka unijibu, na mimi si mtu wa kuamua mambo, unanijua.

Mwanafunzi wako,
Salhiya


Makunduchi
Alhamisi, 7 Novemba 2024

Salhiya,

Marahaba. Barua yako imefika, na harufu ni kama ulivyoahidi. Kwa kuwa umeniandikia kwenye karatasi, nami nakujibu kwenye karatasi.

Nimepewa darasa la tano. Watoto wazuri, wana kelele, asubuhi wananisubiri getini kugombania kunibebea mkoba. Nimepumzika. Hilo nataka ulijue kabla ya mengine.

Unasema ulinyoosha mkono. Sikukuona.

Nikwambie nilichokiona mie siku ile. Dakika arubaini nacheza na watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyeniita. Si wewe tu. Bashira hakuniita. Yule mrefu wa pembeni hakuniita. Nimekaa na mpira mkononi nasikiliza, nasikia wa kijani wanaitana, upande wangu kimya. Mtu anayeutaka mpira wako anakuita. Asiyekuita amekuchoka. Nimelifahamu hilo bila ya kuambiwa, na sitaki kumlazimisha mtu anikubali. Nadhani mliona nimejifanya ustadha mpaka uwanjani, mkanisusa. Labda ni kweli nimejifanya.

Unahodha mpeni Bashira. Ana sauti.

Na maneno ya Mwalimu Mansour nayajua, aliniambia na mie. Kufungwa mapema kunamfaa mwenye msimu mbele yake. Wewe upo mwaka wa kwanza, utafungwa, utajifunza, utafunga. Mie huu ni mwaka wangu wa mwisho. Silaumu mtu, lakini sina muda wa kufungwa ili nijifunze.

Usiandike tena. Soma.

Amne


Mlandege
Jumanne, 12 Novemba 2024

Ustadha wangu Amne,

Shikamoo. Umesema nisiandike. Naomba radhi, naandika. Ukitaka usinijibu, lakini hili uliloliandika siwezi kuliacha lilale usiku kucha na wewe kule.

Hatukukususa.

Ninao ushahidi. Kaka yake Bashira alituchukua video ya mchezo mzima kwa simu, amekaa nyuma ya benchi letu. Hakuna aliyetaka kuitazama. Bashira alisema afadhali atazame anavyong'olewa jino. Jana Mwalimu Mansour akatukusanya darasani, akaiweka ukutani. Sote tumeinamisha vichwa, kila mmoja anaogopa ifike zamu ya kosa lake.

Mie ndiye nilokaa karibu na spika. Sauti ilikuwa ndogo. Nikaona afadhali kuchezea kitufe kuliko kutazama, nikaiongeza mpaka mwisho.

Ustadha, ungesikia. Wale wa kijani ni kama soko la Darajani siku ya mkesha wa Idi. "Kushoto! Nyuma yako! Mie hapa! Lete, lete!" Hawanyamazi hata mpira ukiwa umetoka. Kisha wanapoupoteza mpira tunauchukua sisi, na ghafla kunakuwa kimya, kama watu wanaopita mbele ya msikiti wakati wa sala. Viatu tu vinalia. Na sauti moja peke yake, "Rudini! Rudini!" Yako.

Mwalimu akaisimamisha. Akamuuliza Bashira, "Hapa uko huru, kwa nini hukumwita Amne?"

"Nimwite vipi, Mwalimu? Niseme we Amne, lete mpira? Mamaangu akisikia ananikata ulimi kwa mkasi wa kitambaa."

Akamuuliza yule mrefu. Yule mrefu akasema yeye ni mdogo kuliko wote wawili. Akaniuliza mimi, nikatazama meza. Ikawa hivyohivyo kwa kila mmoja, hakuna hata mtu mmoja alosema amekuchoka. Wewe ni mkubwa wetu, umewasomesha watatu katika sisi chuo cha Kurani, umepata alama kubwa kuliko walimu wengine, na sisi tumelelewa kwamba mkubwa haitwi, mkubwa husubiriwa. Basi tulikuwa tunakusubiri. Sote wanne. Tumesimama uwanjani na adabu zetu.

Tukaulizana mbona zile timu za skuli tulizifunga. Ni kwamba wao walikuwa wanacheza pole. Ulikuwa na nafasi ya kutusogelea mmoja mmoja. Kunyamaza kwetu hakukuonekana.

Mwalimu akasema, "Tungeshinda hata kwa kikapu kimoja, ningewanunulia juisi ya miwa na hii video asingeitazama mtu. Tungekwenda nayo hii hali mpaka fainali." Kisha akamgeukia Bashira. "Uliniuliza kama kuna kufungwa kuzuri. Hakuna. Lakini kuna kulikofika na siku bado zimebaki za kujirekebisha."

Sasa nina swali, na nimelizungusha kichwani tangu jana. Pale niliponyoosha mkono, nimeitazama video mpaka Bashira akaninyang'anya simu. Uso wako umeelekea kwangu moja kwa moja. Hakuna mtu kati yetu. Na wewe umeandika hukuniona. Wewe husemi uongo, sijawahi kukusikia. Basi vipi?

Samahani kwa kuuliza. Ana kwa ana nisingeweza.

Salhiya


Makunduchi
Ijumaa, 15 Novemba 2024

Salhiya,

Kaa kitako kwanza, kisha uisome hii peke yako.

Mie sioni.

Sio kipofu, usianze kulia. Naona karibu. Mbali ya urefu wa chumba, watu wote kwangu ni rangi. Ile miwani mnayoniona nayo maktaba mnadhani ni ya kusomea. Ni ya kila kitu, kusomea ndiko ninakoweza kuivua. Mwaka wa kwanza nilicheza nayo, ikapigwa na kiwiko ikapasuka, na kocha wa wakati ule akaniambia mchezaji wa miwani ni hatari kwa nafsi yake, akae benchi mpaka macho yapone. Macho gani yanapona? Nikakaa benchi wiki mbili, nikarudi bila miwani, nikamwambia yamepona. Tangu siku ile nacheza hivyo, na Mwalimu Mansour alinikuta hivyo.

Unajua mnavyoonekana kwangu nyinyi? Hijabu nyeupe. Hijabu nyeupe. Hijabu nyeupe. Ulinyoosha mkono wa jezi nyeupe mbele ya ukuta mweupe, Salhiya. Nilikuwa nautazama ukuta.

Nacheza kwa masikio. Utaniona mwongo, lakini kumbuka chuo chetu cha Kurani pale Mlandege, watoto arubaini wanasoma pamoja kwa sauti, kila mmoja na sura yake, mie nimeinama natia bakora yangu mafuta, na bado najua nani amekosea na kakosea wapi. Ni kazi hiyohiyo. Na timu zile za skuli, kweli, zilicheza pole. Nilikuwa nawasikia hatua zenu, nawajua mnavyokimbia. Bashira anaburuta mguu. Wale wa kijani walipokuja na kelele zao, hatua zenu zikapotea. Nikabaki na mpira katikati ya giza jeupe, nasubiri mtu aseme kitu.

Ndio maana nilidhani mmenisusa. Mwenye macho angeona kwamba mnanitazama.

Nilipoisoma barua yako nilicheka, kisha sikucheka. Timu nzima: kipofu mmoja na mabubu wanne.

Usimwambie mtu. Nakuomba kama mdogo wangu. Mwalimu Mansour akijua ataniweka benchi kwa huruma, na huruma ndiyo sitaki kuiona kwa mwaka huu wa mwisho. Na hata nikirudi, nitafanya nini? Kuwaambia nyinyi nivunjieni heshima, nipigieni kelele? Neno hilo halitoki kwa mkubwa. Mkubwa akilisema mtadhani ni mtihani.

Nikwambie jambo jengine, kwa kuwa leo ni siku ya kusema. Chuoni, wewe nilikuwa nakujua kwa kutokukusikia. Katika zile kelele zote palikuwa na tundu dogo, mahali fulani mstari wa pili, na tundu hilo lilikuwa wewe, unachezesha midomo. Sikukuchapa hata siku moja. Nilijua kwamba ulikuwa umehifadhi.

Amne


Mlandege
Alhamisi, 21 Novemba 2024

Ustadha wangu Amne,

Shikamoo. Siri yako sijamwambia mtu, hata mto wangu.

Nilikaa siku nzima nikifikiri. Wewe huwezi kusema tuvunje heshima kwa sababu wewe ni mkubwa. Bashira hasemi kwa sababu anamwogopa mama yake. Mwalimu amesema, wamemwitikia ndiyo Mwalimu, na mazoezini wakaendelea kunyamaza. Nikahesabu waliobaki, nikajikuta nimebaki mimi.

Niliandaa hotuba kwa Kiingereza kwanza. Usicheke. Kwa Kiingereza mdomo wangu una haya kidogo tu, kwa sababu lugha ile haina shikamoo. Unamwita mtu mzima kwa jina lake na dunia inaendelea. Nilisimama mbele ya kioo nikawa mkali sana. Kisha nilipofika kiwanjani Jumapili nikaona siwezi kuwahutubia watoto wa Ng'ambo kwa Kiingereza, watanizomea mpaka nizeeke. Nikasema kwa lugha yetu. Nikaukumbatia mpira kwa mikono miwili.

Nikasema: "Tukivuka mstari wa uwanja, hakuna ustadha, hakuna dada, hakuna bi. Tunaviacha nje pamoja na kandambili. Ndani kila mtu ana jina lake alopewa siku ya saba, na ataitwa hilo. Tukitoka, tunavivaa tena."

Bashira akasema, "Salhiya kasema. Andikeni tarehe."

Wakacheka, nami nikacheka, na nadhani kule kucheka ndiko kulikoniokoa. Nikawaambia la pili kabla ujasiri haujaniacha: tufanye mazoezi ya kufunga macho. Mwenye mpira anafungwa kanga usoni, wengine lazima wamwite mpaka autoe. Yule mrefu akauliza kwa nini. Hapo ndipo siri yako ilipokuja mpaka kwenye meno, Ustadha. Ningesema tu, wangefahamu mara moja, wangetuonea huruma mimi na wewe. Nikaimeza. Nikasema, "Kwa sababu mliisikia video." Mwalimu Mansour akanitazama sana. Akaenda kwenye gari lake akaleta kanga ya mkewe.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Bashira amefungwa macho, anageuka geuka kama kuku, nami namwita, "Bashira..." Akasimama, akasema, "Hiyo ni sauti ya kumwita paka asiamke. Huyo nani?"

Basi nimekwenda kujifunza kwa baba. Unakijua kiduka chake, ndoo na mabeseni. Baba akiita wateja anasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Nikamwomba niite mimi. Alinitazama kama nimemwambia nataka kuolewa. Nikasimama mlangoni nikamwita hamali aliyekuwa upande wa pili akisukuma rukwama yake. Mara ya kwanza hata mimi sikujisikia. Mara ya tatu hamali akageuka. Mara ya sita akageuka hamali, na muuza kahawa, na askari wa usalama barabarani. Baba akaweka ndoo chini. "Kumbe una koo," akasema. "Miaka yote hii nakulipia ada nadhani nimezaa mtoto wa picha."

Sasa habari mbaya, sitaki kukuficha. Juzi tulicheza mchezo wa kirafiki na chuo kingine, tukafungwa tena. Kelele tulizipiga, lakini tulizipiga wote kwa pamoja, kila mtu "hapa, hapa, hapa," mwenye mpira akachanganyikiwa akampa refa. Bashira alikasirika akasema tumekuwa wabaya zaidi na tuna kelele juu yake. Mwalimu akasema kheri, hili nalo limefika mapema. Jana tukapanga: aliye huru tu ndiye anayeita, na anaita jina la mwenye mpira, si "hapa". Jina moja, mara moja. Ikawa nzuri. Mara nne mfululizo Bashira aliyefungwa kanga aliniletea mpira kifuani.

Nimeshawaita wote kwa majina yao. Jina lako tu sijalijaribu. Sitaki kulijaribu wakati haupo, naona ni kama kukusengenya.

Mchezo ni Jumamosi tarehe thelathini. Wale wa kijani, kiwanja chetu.

Salhiya


Makunduchi
Jumatano, 27 Novemba 2024

Salhiya,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na mara moja nimeisoma kwa sauti barazani, nikiwa peke yangu.

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya Jumamosi. Mwalimu Mansour nimempigia simu. Nimemwambia yote, ya macho na ya uongo wa macho. Akaniuliza, "Sasa kanga ya mke wangu ilikuwa ya kazi hiyo?" Nikamwambia mimi sikujua kanga itatumika. Akasema basi njoo, kama wataita utacheza, kama hawakuita nitakutoa, na haitakuwa huruma.

Wenzako nitawaambia mwenyewe kabla ya mchezo. Umeibeba siri yangu siku zote hizi, na hukuitumia hata pale ambapo ingekupunguzia mzigo. Hilo nimeliona bila ya miwani.

Nilikwambia sina muda wa kufungwa ili nijifunze. Nilikuwa nasema kama mtu aliyefungwa peke yake. Nyinyi mmefungwa mara mbili na mara zote mbili mmeondoka na kitu. Mie niliondoka na mkoba tu.

Sharti langu ni moja. Ukininyooshea mkono tena, wallahi narudi Makunduchi kwa gari la pweza.

Amne


Mlandege
Jumapili, 1 Desemba 2024

Ustadha wangu Amne,

Shikamoo. Tangu jana sina sauti hata ya kuomba chumvi, kwa hiyo barua hii haina budi kuandikwa.

Najua ulikuwepo na huhitaji kuhadithiwa. Nakuandikia yale ambayo hukuyaona.

Ulipotuambia kule chumba cha kubadilishia nguo, ulipovaa miwani ukatutazama mmoja mmoja na kusema, "Kumbe wewe ndiye mrefu," mie nilikuwa nyuma ya mlango, nalia kimyakimya. Na Bashira alipokwambia, "Kumbe ndiyo maana ulinipita Mlandege bila salamu, nikakununia mwezi mzima bila ya wewe kujua," hukuuona uso wake, ulikuwa umeshaivua miwani. Alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani, mabega yanatikisika, na haikuwa kwa kucheka.

Wengine walikuita tangu mwanzo. Yule mrefu alikuita kwa woga, kama anaomba ruhusa ya kutoka, lakini aliita. Bashira alikuita kwa raha, nadhani alikuwa anakulipizia ile salamu. Mie sikukuita. Robo zote tatu za mwanzo nilikuwa napokea mipira kutoka kwa wenzangu na kuitoa, na ulipokuwa nao wewe najificha nyuma ya wa kijani ili nisiwe huru. Hakuna aliyejua. Mie nilijua. Mazoezi yote yale, kanga, hamali, askari wa barabarani, na bado nilikuwa katika lile tundu, mstari wa pili, nachezesha midomo.

Kisha ikafika mwisho, tuko sawa kwa sawa, na mpira ukaja kwako, wakakusimamia wawili. Nikajikuta palepale chini ya ringi. Sikupachagua, wallahi, miguu ilipazoea. Peke yangu. Mkono wangu wa kulia ukaanza kupanda wenyewe. Nikauona, nikaurudisha chini kama mkono wa mtoto wa mwenzangu.

Nikakuita.

Sikumbuki nilivyokuita. Wanasema ilisikika mpaka barabarani. Nakumbuka mambo mawili tu. La kwanza, kwamba hukugeuka. Uliurusha mpira huku unatazama upande mwengine kabisa, na ukanijia mikononi. La pili ni kwamba kabla ya kuurusha, katikati ya wale wa kijani na kelele zote, uliniitikia. "Labeka," umesema. Jibu la mdogo kwa mkubwa, wewe, kwangu mimi.

Nilifunga kwa kuwa sikujua jengine la kufanya.

Tumewashinda kwa kikapu kimoja. Bado wako juu yetu kwenye msimamo, kwa sababu ya ule mchezo wa kwanza, na hamsini na nane kwa ishirini na moja itakaa pale mpaka mwisho wa ligi. Nimeuliza kama kuna namna ya kuifuta. Mwalimu Mansour kasema ikifutwa yeye anaacha kazi.

Na samahani kwa kukuita vile. Nje ya mstari nimeshavaa kandambili zangu.

Mwanafunzi wako,
Salhiya


Makunduchi
Jumanne, 3 Desemba 2024

Salhiya,

Marahaba. Kunywa maji ya tangawizi na asali, na usinong'one, kunong'ona kunaumiza koo zaidi.

Sikumbuki kwamba niliitikia. Itakuwa ni kweli; mtu akiitwa kwa jina lake vile, huitikia kabla hajafikiri anayemwita ni nani. Lakini kwamba ni wewe nilijua. Sauti ile sijawahi kuisikia maishani, na bado nilijua. Ilitoka palepale penye tundu.

Hukuniambia kama ulimwona mamaangu. Bi Mwanaasha alikuja na Ubwa, akakaa mbele kabisa na mkoba wake wa ukili mapajani, mara yake ya kwanza kunitazama nikicheza. Hatukuwa tumefika hata Tunguu akaniuliza.

"Nani yule mtoto alokuita kama anaita mbuzi, mbele za watu?"

"Mwanafunzi wangu, mama."

"Ulimsomesha nini?"

"Juzuu Amma."

Tukapita Tunguu, tukapita Jozani, Ubwa anamtazama kwenye kioo, mie nimeshaanza kukutafutia utetezi. Tulipokaribia nyumbani akafungua mkoba, akatoa embe, akanikatia kipande.

"Yule sawa," akasema. "Lakini yule mrefu wa pembeni sikumsikia vizuri. Mchezo wa Jumamosi ijayo mwambieni apaze sauti."

Amne